Barabara ni ya umma, faili lake nalo liwe la umma

Fedha ya umma isinunue simuleta hata moja ya kufundishia udereva ikiwa faili linaloeleza barabara zake halifunguki kwa programu nyingine zaidi ya ile ya muuzaji. Hiyo ndiyo hukumu yetu, na tunaitoa mapema, kabla mzigo haujafika bandarini. Mnunuzi awe chuo, awe polisi, awe wakala wa mabasi au mradi unaolipiwa na wafadhili, kwetu ni yale yale. Faili likiwa limefungwa, mzigo urudi ulikotoka.

Tunajua swali litakalofuata. Mjini kuna foleni, kuna mafuriko Jangwani, kuna bodaboda wanaokatiza njia ya mabasi ya mwendokasi mchana kweupe, halafu gazeti linakaa kuandika habari za mafaili? Ndiyo, tena kwa makusudi. Mambo haya huamuliwa na watu wachache chumbani, kwenye kurasa za mwisho za nyaraka za zabuni ambazo hakuna mwandishi wa habari anayezifikia, na yakishaamuliwa hukaa miaka. Ajali ikitokea Ubungo watu hupiga kelele siku hiyo hiyo. Zabuni mbovu haina kelele, na ndiyo maana inatusumbua.

Kwa asiyewahi kuiona, simuleta ya udereva ni kiti cha dereva, usukani, pedali na gia, mbele yake skrini tatu au zaidi, na kompyuta inayoviendesha vyote hivyo. Mwanafunzi anaingia Kariakoo bila kumkanyaga mtu. Anayetazama huvutiwa na picha: maghorofa, mabango ya simu, rangi za daladala. Picha ndiyo muuzaji anayoionyesha siku ya maonyesho, na ndiyo wakubwa wanayoipigia makofi. Chini ya picha kuna kitu kisichoonekana, nacho ni maelezo ya barabara yenyewe. Leni inaanzia wapi, ina upana gani, inapanda au inashuka, nani anaruhusiwa kuitumia, ikifika kwenye makutano inaungana na ipi. Kompyuta haitazami picha ili ijue kwamba mwanafunzi amevuka mstari. Inajua kwa sababu faili limeiambia mstari uko wapi. Kosa analoandikiwa mwanafunzi linatoka kwenye faili, na cheti anachonyimwa kinatoka humo humo. Aliyeshika faili ameshika mtihani. Je, tuko tayari kumkabidhi mfanyabiashara mmoja mtihani wa udereva wa Tanzania, na asitakiwe hata kutuonyesha maswali?

Wenzetu walishapita hapa. Nchini Ujerumani, kampuni ya VIRES ikishirikiana na watu wa simuleta wa Daimler ilitengeneza fomati ya wazi ya kueleza mtandao wa barabara, ikaiita OpenDRIVE, na mwanzoni mwa 2006 ikaitoa hadharani ili kila mwenye haja aitumie. Fikiria ukubwa wa Daimler. Kama nayo iliona ni hasara kugeuza mafaili kila barabara inapohamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine, chuo cha ufundi chenye bajeti ya kuungaunga kitaponea wapi? Mwaka 2018 fomati hiyo ilikabidhiwa kwa ASAM, jumuiya ya viwango ya sekta ya magari yenye makao karibu na Munich, na tangu hapo yametoka matoleo mapya: 1.6 mwaka 2020, 1.7 mwaka 2021, 1.8 mwaka 2023. Kitabu cha kiwango chenyewe kinapakuliwa bure. Ada ya uanachama wanalipa wanaotaka kukaa mezani na kupiga kura. Anayetaka kuitumia tu halipi hata senti. Kwa hiyo asije mtu kutuambia kwamba uwazi ni anasa ya matajiri.

Faili la OpenDRIVE ni maandishi. Ukilifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia unalisoma. Chukua Mtaa wa Msimbazi wa Kariakoo, kutoka eneo la Fire kushuka Gerezani, ambako tawi la mwendokasi linapita. Faili linaanza na mstari mmoja wa rejea unaofuata barabara. Mstari huo umeungwa kwa vipande: kipande kilichonyooka, tao, na ule mkunjo unaokaza polepole ambao wahandisi huutumia kumwingiza dereva kwenye kona bila kumshtua. Kariakoo, yenye mitaa iliyokatwa kwa pembe mraba tangu enzi za wakoloni, vipande vingi vitakuwa vya kunyooka. Ni kazi nyepesi kuliko kona za mlima Kitonga. Kutoka kwenye mstari huo leni zinahesabiwa: za kushoto ni moja, mbili, tatu, za kulia ni hasi moja, hasi mbili, na mstari wenyewe ni sifuri. Kila leni inaandikiwa upana wake na aina yake, iwe ya magari, ya baiskeli, ya maegesho au ya waenda kwa miguu. Leni ya mwendokasi inaandikiwa kwamba wanaoruhusiwa humo ni mabasi. Kwenye makutano ya Msimbazi na Uhuru, faili linataja leni ipi inaingia kwenye ipi. Hakuna uchawi. Mhandisi wa halmashauri aliyemaliza chuo mwaka jana anaweza kulisoma, akaona kosa, akalisahihisha.

Sasa tazama kitu kimoja kidogo ndani ya faili hilo. Kila barabara ina mahali pa kuandika kanuni ya upande: rule="LHT" kwa wanaoendesha kushoto, rule="RHT" kwa wanaoendesha kulia. Ukipaacha wazi, programu inachukulia kulia, kwa kuwa huko fomati ilikozaliwa wanaendesha kulia. Sisi tunaendesha kushoto. Faili likiletwa bila herufi hizo tatu, mwanafunzi anayetii Sheria ya Usalama Barabarani ndiye atakayeandikiwa kosa, na anayekuja uso kwa uso na daladala atapewa alama zote. Kwenye mwendokasi ndiyo kabisa. Vituo vyake vya Barabara ya Morogoro na Msimbazi viko katikati ya barabara, hivyo jukwaa liko kulia kwa basi na abiria anapandia mlango wa kulia. Geuza upande, na dereva wa mafunzo atawafungulia watu milango kwenye njia ya magari. Faili la wazi linarekebishwa na mtu aliyeko Mabibo kabla ya chai ya saa nne. Lililofungwa linaandikiwa barua, linasubiriwa, kisha inakuja ankara.

Hizo herufi tatu zina kazi nyingine ambayo hatujaona ikizungumzwa vya kutosha. Lori linalopakia bandarini Dar es Salaam kwenda Kigali linakwenda kushoto nchi nzima, linafika Rusumo, na likishavuka mto Kagera linahamia kulia. La Lubumbashi linaikata Zambia likiwa kushoto, linahamia kulia Kasumbalesa. Dereva anafanya mgeuko huo akiwa na siku kadhaa za barabara mwilini, pengine usiku. Simuleta yenye faili la wazi ingeweza kumvusha mpaka huo asubuhi nzima, kwenda na kurudi, bila kuchoma tone la dizeli, kwa sababu fomati inaruhusu barabara moja iwe ya kushoto na inayoungana nayo iwe ya kulia. Huo ndio ununuzi ambao tungeusifu. Mashine inayokuja na mji wa kubuni wa Ulaya, wenye theluji kwenye menyu, haimsaidii dereva wa Rusumo wala wa Mtaa wa Tandamti, Kariakoo.

Kinachotukera zaidi ni kwamba jiji hili si geni katika mambo haya. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliichora Tandale kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, ndani yake wakiwemo COSTECH, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ardhi, Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia. Vijana walitembea kata kwa kata wakiwa na simu na karatasi, wakiandika mifereji, vichochoro na nyumba zinazoingiwa na maji. Agosti 2018 wataalamu wa programu huria za ramani kutoka pande zote za dunia walikutana hapa hapa Dar es Salaam kwa mkutano wao wa FOSS4G. Jiji lililowapokea watu hao haliwezi leo kujifanya halijui tofauti ya data ya wazi na data ya kufungiwa.

Na kazi ya vijana wale haikuwa mapambo. Mchoro wa OpenStreetMap unaweza kugeuzwa kuwa faili la OpenDRIVE kwa programu za bure. SUMO, programu ya kuigiza mwenendo wa magari iliyotengenezwa na kituo cha anga cha Ujerumani, DLR, ina kifaa kiitwacho netconvert kinachofanya kazi hiyo, na humo kuna chaguo la --lefthand kwa nchi kama yetu. CARLA, simuleta huria iliyotolewa mwaka 2017 kwa utafiti wa magari yanayojiendesha, inalisoma faili hilo moja kwa moja. Mwanafunzi wa kompyuta pale Kijitonyama mwenye mashine yenye nguvu kiasi anaweza kuwa na Kariakoo ya kuendesha kabla wiki haijaisha.

Itakuwa mbovu, na tuseme hivyo bila kuzunguka. Ramani huria huchora barabara kama mstari na kuiandikia idadi ya leni. Upana kamili, mwinuko na mahali hasa taa zilipo vinahitaji vipimo. Lakini hakuna mkandarasi aliyejenga barabara ya mabasi bila michoro, na michoro ililipiwa na kodi na mikopo ambayo watoto wetu wataimalizia. Basi TANROADS, TARURA na wakala wa DART watuambie: michoro ya barabara zilizokamilika iko kwenye faili la aina gani, na nani nje ya ofisi zao anaweza kulifungua? Tunauliza hadharani, na tungependa kujibiwa hadharani.

Kuna mtego mwingine ambao wanasheria wa taasisi zetu wautazame kabla ya kusaini. Muuzaji mjanja anaweza kuichukua ramani ile ile waliyoichora vijana wa Ardhi kwa miguu yao, akaipaka rangi, akaifungia ndani ya faili lake, na kuturudishia kwa dola. Leseni ya OpenStreetMap, ODbL, inamtaka anayeitumia ataje chanzo, na akitengeneza kanzidata mpya kutokana nayo akaitoa kwa umma, aitoe kwa masharti yale yale. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni aibu ya kawaida. Kuuziwa mbuzi wako mwenyewe kwenye gunia, ukalipa na ada ya kila mwaka ya kumwona, hilo hatuna jina lake.

Nairobi walionyesha njia kwa upande wa usafiri wa abiria. Mradi wa Digital Matatus, Chuo Kikuu cha Nairobi kikiwa na MIT na Columbia za Marekani pamoja na kampuni ya Groupshot, uliwapandisha wanafunzi matatu wakiwa na simu, kituo kwa kituo, hadi wakapata njia zaidi ya 130. Wangeweza kuziweka kwenye fomati ya kujitungia. Waliziweka kwenye GTFS, fomati ya wazi iliyoanzia Portland, Marekani, mwaka 2005 kwa ajili ya mabasi yenye ratiba. Matatu haina ratiba, na kituo chake ni popote konda atakapogonga bodi. Ilibidi fomati inyumbuliwe. Lakini kwa kuwa ilikuwa ya wazi, data ilipotoka mwaka 2014 ilitumiwa na watengeneza programu ambao mradi haukuwahi kukutana nao, na mwaka uliofuata njia za matatu zikaonekana kwenye Google Maps. Hilo la mwisho halitufurahishi sana, maana kampuni kubwa imeokota bure jasho la wanafunzi. Ni gharama ya uwazi na tunakubali kuilipa, kwa sababu gharama ya kufungia ni data kuozea kwenye diski ya muuzaji aliyefilisika.

Turudi Kariakoo, maana hapo ndipo fomati yoyote hutoka jasho. Simama Mtaa wa Congo saa tano asubuhi. Kwenye mchoro wa mhandisi kuna lami, kingo zake na njia ya waenda kwa miguu. Machoni pako kuna meza za nguo pande mbili, mwamvuli wa mchuuzi uliofungwa kwenye nguzo ya umeme, mkokoteni wa marobota ya mitumba unaosukumwa na vijana wawili wakipiga kelele za pisha, pisha, guta limeegeshwa kinyume, kirikuu linashusha maboksi ya vyombo na dereva wake hayumo, na kati ya hayo yote kuna upenyo wa bodaboda moja. Barabara ipi iandikwe kwenye faili?

Jibu letu ni kali kuliko wengi watakavyopenda. Iandikwe ya sheria, na ya mtaani iandikwe kando. OpenDRIVE inaeleza barabara tu. Mienendo ya watu na magari ina fomati ndugu, OpenSCENARIO, nayo iko chini ya ASAM. Uso wa lami, pamoja na mashimo na mawimbi yake, una fomati yake pia, OpenCRG, na Mungu anajua itakavyopata kazi katika mji huu. Utengano huo si wa kitaalamu peke yake. Bodaboda anayekatiza njia ya mabasi pale Fire aandikwe kama tukio, kitu ambacho dereva atakutana nacho na kukifungia breki. Asiandikwe kama sehemu ya barabara. Siku tutakapoiandika leni ya mabasi kuwa leni ya mabasi na bodaboda kwa kisingizio kwamba ndiyo hali halisi, tutakuwa tumehalalisha kosa kwa mkono wa fundi wa kompyuta, bila Bunge kukaa.

Anayeona tunakuza mambo akumbuke Oktoba 2021. Chini ya Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Amos Makalla, wamachinga waliondolewa kando ya barabara za jiji. Kwa siku chache mitaa ikawa mipana. Tangu hapo kila anayepita Kariakoo ameona jinsi meza zilivyorudi, moja moja. Barabara ya sheria haikusogea hata sentimita katika muda wote huo. Kilichobadilika ni kilichokaa juu yake. Faili lililotenganisha mambo hayo mawili lisingehitaji kuguswa upande wa barabara, na mwalimu angewasha meza za wachuuzi kwa somo la leo na kuzizima kwa somo la kesho. Faili lililoyachanganya lingetupwa mara mbili.

Yapo mambo ambayo fomati haijui hata majina yake. Haina leni iitwayo ya mikokoteni, na waliokaa kuiandika hatudhani kama waliwahi kupishana na mzigo wa vitunguu unaoteremka bila breki. Hiyo isiwe sababu ya kuikimbia. Fomati ina mahali pa data ya mtumiaji, ambapo nchi au chuo kinaweza kuongeza maelezo yake bila kuliharibu faili; programu isiyoyaelewa inayaruka na kuendelea. Hapo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, VETA na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana kazi. Wakae wakubaliane mara moja maelezo ya ziada ya Tanzania yaandikwe vipi, ili guta la Kariakoo na guta la Mwanza yawe kitu kimoja kwenye kompyuta. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji mwenyekiti anayefungua kikao kwa wakati.

Na tusiwafikirie wanafunzi wa leseni peke yao. Usiku wa Julai 10, 2021 liliungua soko kuu la Kariakoo, jengo lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo hiyo hiyo likafukia watu, na uokoaji ukachukua siku kadhaa. Kituo cha zimamoto kiko Fire, hatua chache kutoka sokoni, na hatua hizo chache ndizo ngumu kuliko zote. Dereva wa gari la zimamoto lililojaa maji hawezi kujifunza kupita Mtaa wa Mkunguni kwa kufanyia mazoezi Mkunguni. Hakuna atakayemfungia mtaa ule mchana ili akosee kwa amani. Hapa simuleta ina hoja isiyopingika, kwa sharti kwamba Mkunguni iliyomo ndani yake ni ya mwezi huu. Nguzo iliyohamishwa, jengo lililozungushiwa mabati ya ujenzi hadi katikati ya barabara, mtaa uliofanywa wa kwenda tu: mambo hayo hayasubiri mkataba wa miaka mitatu wa kusasisha.

Wauzaji watasema tunataka kuwaibia ubunifu wao. Hatuutaki. Injini ya michoro ni yao, hesabu za jinsi basi refu linavyoyumba likikata kona ni zao, kiti kinachotikisika ni chao. Upana wa Mtaa wa Uhuru haukubuniwa na mtu yeyote miongoni mwao.

Wapo watakaotaja usalama wa Taifa. Barabara inayopitwa na kila mwenye nauli si siri, na picha yake ya setilaiti iko kwenye simu ya mtoto wa shule. Kama kuna lango la kambi lisilotakiwa kuonekana, lifutwe lango hilo, Msimbazi nzima isifichwe kwa ajili yake.

Wapo pia watakaouliza simuleta ni ya nini wakati Corolla lenye herufi L lipo. Hao tunawaelewa. Gari la kweli kwenye foleni ya kweli lina somo ambalo skrini hailifikii, na chuo chenye walimu wabovu hakitaokolewa na mashine. Asiyetaka kununua asinunue. Tunazungumza na anayenunua.

Hoja inayostahili jibu refu ni ya matengenezo, kwa sababu ndiyo chambo. Muuzaji anasema: mafaili ni magumu, mtayaharibu, tuachieni tuwasasishie. Mfano uko Jangwani. Kila Mto Msimbazi unapofurika, Barabara ya Morogoro hufungwa na jiji hukatika vipande viwili, na Serikali iliamua kujenga daraja jipya litakaloinua barabara juu ya bonde. Kwenye OpenDRIVE, mwinuko wa barabara ni namba chache zinazoandikwa kando ya mstari wa rejea, kwa kila kipande. Mhandisi mwenye mchoro wa daraja anaziingiza, anaendesha gari la majaribio kupanda na kushuka, anahifadhi. Kwenye faili lililofungwa, daraja lile halipo mpaka muuzaji aseme lipo. Ongeza barabara za mwendokasi za kwenda Mbagala na Gongo la Mboto, ongeza kila taa mpya na kila kipilefti kinachovunjwa ili yawekwe makutano. Bei ya kuingilia hutajwa siku ya kwanza, bei ya kutoka haitajwi kamwe. Na taasisi ikishindwa kuilipa, itaendelea kufundisha madereva jiji ambalo halipo tena, na kuwapa vyeti.

Kwa hiyo mamlaka zinazohusika zisisubiri kashfa. Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma na Mamlaka ya Serikali Mtandao ziandike sharti moja liingie kwenye kila zabuni ya simuleta ya udereva: maelezo ya mtandao wa barabara yakabidhiwe kwa OpenDRIVE, toleo la 1.6 au jipya zaidi, kanuni ya upande ikiwa imeandikwa kwenye kila barabara. Faili liwe mali ya taasisi iliyonunua. Na taasisi iwe na haki ya kulibadilisha, kumpa mwingine na kulichapisha bila kumwomba muuzaji ruhusa. Zabuni ya namna hiyo haimbagui mtu, maana fomati haina mwenyewe anayeuza. LATRA, inayothibitisha madereva wa vyombo vya biashara, itangaze kwamba haitatambua mafunzo yaliyofanyika kwenye barabara ambazo haiwezi kuzikagua. Na TARURA ianze na kata moja tu, Kariakoo, iutoe mtandao wake wa mitaa kwa fomati hiyo na kuuweka mahali ambapo mwanafunzi wa Ardhi na mfanyabiashara wa India wataupakua kwa masharti sawa.

Siku ya kupokea mzigo isiwe ya hotuba na kukata utepe. Fundi wa chuo, asiyelipwa na muuzaji, alichukue faili kwenye flashi, aende kwenye kompyuta nyingine yenye programu ya kampuni nyingine, alifungue mbele ya kamati ya mapokezi. Aliweke basi la mwendokasi Fire, alishushe Msimbazi, asimame kituo cha mabasi cha Msimbazi Polisi na kufungua milango ya kulia, avuke makutano ya Uhuru, afike Gerezani. Akifika, hati ya malipo isainiwe. Basi likining'inia hewani au likikutana uso kwa uso na basi jingine, fedha ya awamu ya mwisho ibaki Hazina mpaka muuzaji arekebishe kwa gharama zake.